Alama Arobaini na Tatu

Jumapili, 2 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, na wewe daftari nakuambia kwa sababu huna mdomo: Alhamisi iliyopita, katika chumba cha walimu, nilimnyima kaka yangu alama arobaini na tatu. Sikukosea. Niliziona, zimeandikwa kwa wino mwekundu na kuzungushiwa duara, nikaziruka.

Kwanza nilijaribu kuliandika kwa ile lugha nyingine ya shule, ya kigeni, tunayosomea hesabu na sayansi. Likatoka safi kabisa, likakaa kama jambo lililompata mtu wa mbali. Nikachana ukurasa. Kwa Kiswahili linauma mahali pake.

Nieleze vizuri, maana nikieleza vibaya nitaanza kujionea huruma.

Mwalimu wetu wa Kiswahili ana mtoto wa jicho. Akisahihisha anaisogelea karatasi mpaka pua inashika wino. Ana mikondo minne, wanafunzi mia mbili kasoro. Kwa hiyo yeye husahihisha, na mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sina maneno mengi, humjumlishia alama, kuziandika nje ya karatasi na kumwandikia orodha ya alama za insha. Kaka anajua. Mkuu wa shule hajui; angejua pangechimbika. Kwenye mtihani tunaandika namba, si majina, lakini mwandiko wa kaka yangu naujua kama ninavyoijua sauti yake. Herufi zake zinaegemeana kama watu waliochoka.

Tuko darasa moja. Yeye ana miaka kumi na saba, mimi kumi na mitano. Alikariri mara mbili, nikamkuta. Darasani wanamwita Babu, naye huitika kwa kukohoa na kushika kiuno, watu wanacheka, na kwa kuwa ameanza kucheka yeye, hakuna anayejua kama anaumia. Kanuni ya shule ni moja. Kuingia darasa la mtihani sharti ufikishe mia tatu. Ukikosa unakariri. Ukishakariri mara mbili, hakuna ya tatu. Unatoka.

Karatasi ya Kiswahili ina sehemu mbili: sarufi juu ya hamsini, na insha juu ya hamsini katika karatasi yake peke yake, iliyobanwa kwa pini. Insha ya kaka ilikuwa na 43. Yangu ilikuwa na 41.

Mimi ni mtu ambaye nikiitwa jina darasani koo linakauka. Sijawahi kunyosha mkono. Lakini kila mwisho wa muhula mwalimu husoma insha bora mbele ya shule nzima, na kwa miaka mitatu imekuwa yangu. Ni dakika tano ambazo watu hukumbuka kwamba nipo. Nilisoma insha ya kaka nikiwa nimesimama, kalamu mkononi. Tulipewa kichwa "Siku Nisiyoisahau". Aliandika kuhusu mimi. Siku nilipokuwa na miaka sita, nikasoma kibao cha duka la dawa kwa sauti, neno zima, kabla yeye hajamaliza silabi ya kwanza. "Nilimfundisha herufi ili tusome wote," ameandika, "lakini siku ile nilijua atanipita, nikafurahi kama mtu anayemsukuma mwenzake kwenye baiskeli mpaka ikashika mwendo." Makosa ya tahajia kumi na manane. Mwalimu ameandika pembeni: Huyu ana la kusema.

Nilikasirika. Amenichukua mimi, akanifanya insha, akanishinda nayo. Nikaifunika ile karatasi kwa kiganja, na nje nikaandika 28 za sarufi peke yake, na kwenye orodha ya insha nikairuka namba yake.

Jumla yake sikuijua. Alama za masomo mengine zilikuwa kwa walimu wengine. Nilidhani nampokonya zile dakika tano tu. Ijumaa orodha ikabandikwa ukutani, na mbele ya jina lake pameandikwa 271.

Ingekuwa 314.


Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Mtaro wa nyuma ya nyumba umeshaanza kunguruma.


Jumanne, 4 Machi

Leo nina nguvu ya kuandika ya Ijumaa.

Mwalimu alisoma insha yangu, ile ya siku umeme ulipokatika sokoni, huku ameibandika usoni kama kioo. Makofi yakapigwa. Katikati ya makofi ukatoka mluzi mmoja wa vidole viwili, mrefu, na kila mtu alijua ni wa nani. Orodha ilikuwa ukutani tangu saa moja kabla. Alikuwa ameshaiona 271 yake, halafu akaja kunipigia mluzi.

"Profesa," akaniambia njiani, "ulivyoelezea yule muuza samaki anavyopapasa gizani, mpaka mkuu wa shule kaguna."

Nikamwambia asante. Ndilo neno nililompa.

Baba ni mwokaji mikate. Jioni ile alirudi na mkate wa moto ndani ya gazeti, akauweka mbele yangu, si katikati ya meza.

"Huyu ndiye anayejua shule anakwenda kufanya nini," akasema.

"Wote ni wanao," mama akasema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Sijasema si wanangu. Nimesema huyu anajua."

Kaka akakata kipande cha mwisho, kile kigumu, anachokichukua siku zote. "Na mimi nilikuwa najua, baba. Nilikuwa namsindikiza huyu."

Baba akacheka. Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe. Mama hakucheka. Chini ya meza ya cherehani, ndani ya kikapu, kulikuwa na suruali ya kijivu, ile ndefu wanayovaa darasa la mtihani tu. Aliikata tangu Januari. "Nakata kwa imani," alisema siku ile. Mguu mmoja umepindwa, mwingine bado.


Jumatano, 5 Machi

Nilidhani dhambi yangu ni moja. Kuanzia leo ni mbili.

Asubuhi nilikuwa nakunja nguo. Kaka akagonga mlango wa chumba changu, mara moja, kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga siku zote, akaingia na bahasha ya karatasi zake zote za mtihani. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana alikuwa amejumlisha kwa penseli.

"Profesa, una nafasi?"

"Ninayo."

"Lakini usinicheke."

"Sikucheki."

"Nimejumlisha mara tatu. Kila nikijumlisha napata mia tatu na kumi na nne. Niangalizie, nakosea wapi?"

Nikaishika ile kalenda. Jumla tatu, moja chini ya nyingine, na juu ya kila safu zile tarakimu ndogo za kubeba, zimepangwa kama sisimizi. Zote sahihi. Katika miaka yote ya kukaa naye sijapata kumwona ameandika kitu kwa usafi namna ile.

"Naona ni hapa kwenye Kiswahili," akasema. "Nje pana ishirini na nane. Ndani nina ishirini na nane na arobaini na tatu. Huu mwandiko wa nje si wako?"

"Ni wangu."

"Basi." Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Nilijua tu. Wewe hukosei. Insha pengine safari hii hawaihesabu."

Alikuwa ananitazama bila shaka hata kidogo. Nilikuwa na neno moja la kusema, lilikuwa tayari kwenye ulimi, na mdomo ukatafuta jepesi zaidi.

"Pengine," nikasema.

Akaikunja kalenda mara nne. Alipofika mlangoni akageuka. "Usimwambie baba kwamba nilijumlisha. Atasema hata kushindwa sijui."

Zile arobaini na tatu niliziruka kwa hasira. Hii "pengine" nimeisema kwa akili timamu.


Jumamosi, 8 Machi

Mvua kutwa. Nguo hazikauki.


Jumatatu, 10 Machi

Muhula mpya. Mimi darasa la mtihani, kaka karakana ya seremala aliyeko nyuma ya kituo cha mafuta. Baba alikwenda kuzungumza naye Ijumaa. Yalimalizika kwa kikombe kimoja cha chai.

Mtaro umejaa. Kuna ubao mmoja wa kuvukia, na tangu nikiwa darasa la kwanza kaka hutangulia na mkoba wangu, akasimama ng'ambo, akanyosha mkono. Leo nilijua nitavuka peke yangu. Akatokea nyuma yangu amevaa ile fulana yake yenye tundu kwapani.

"Karakana si upande huu," nikamwambia.

"Najua ilipo. Lete mkoba."

Akanivusha. Akarudi alikotoka, ubao ukipinda chini yake. Nilitembea mpaka shule bila kugeuka, kwa sababu ningegeuka ningesema.


Ijumaa, 14 Machi

Ninayekaa naye dawati moja anaitwa Redio, kwa sababu hazimiki. Leo kaniuliza mbele ya watu, "Eti Babu anapiga randa? Afadhali. Mbao hazimwambii akariri."

Wote wakacheka. Nikafungua kitabu cha sayansi nikasoma mstari mmoja mara nyingi.


Jumatano, 19 Machi

Nimegundua kitu kuhusu kufaulu. Nilidhani ukifaulu unalala vizuri. Mwalimu wa hesabu amenipa kiti cha mbele, mkuu wa shule ananijua jina, Redio anataka kunakili kazi yangu, na mimi kila mtu akinitaja nahisi wanamwita mtu aliyevaa nguo za wizi. Chakula nakigusagusa tu. Mama anadhani ni minyoo.

Kaka naye amebadilika, lakini taratibu, kama chaki inavyoisha. Utani haujaisha. Umepungua tu. Zamani akirudi utamsikia tangu njiani. Sasa namtambua kwa ndara: ya kushoto imefungwa kwa waya, inalia *kwe* kila akikanyaga. Anafika kwenye ndoo, ananawa miguu, anaingia. Vumbi la mbao liko mpaka kwenye nyusi.

"Karakana vipi, baba?" mama humuuliza. Humwita baba akimwonea uchungu.

"Nzuri, mama. Mbao hazina maswali."


Jumapili, 23 Machi

Nilitaka kusema leo. Tulikuwa wawili tu, tunachambua maharage. Nikaanza, "Kaka." Akasema, "Naam." Nikasema, "Jiwe hilo."


Alhamisi, 27 Machi

Shule imempa yule seremala kazi ya kutengeneza madawati. Sikujua. Tulikuwa na somo la jiografia, mlango ukafunguliwa, akaingia fundi na nyuma yake kaka amebeba sanduku la zana.

Kwanza vichwa viligeuka. Kisha Redio: "Shikamoo Babu."

Darasa likapasuka. Mwingine akasema, "Amerudi kukariri mara ya tatu." Mwingine, "Mpisheni mzee akae."

Nilimtazama. Nilikuwa nangoja akohoe. Nilikuwa naomba akohoe, ashike kiuno, acheke wa kwanza. Hakukohoa. Alipiga magoti chini ya dawati la kwanza akaanza kugonga, na kicheko kikaisha chenyewe, kwa aibu, kama mgeni asiyepewa kiti.

Dawati langu lilikuwa la mwisho. Lilikuwa likiyumba tangu muhula uanze. Alipima pengo kwa futi kamba, akapima tena, akapima tena. Kisha akanong'ona bila kuinua kichwa, "Profesa, hapa ni ngapi?"

Nikainama. "Tatu na nusu."

"Nimeona hivyo. Lakini sikuwa na hakika."

Akachonga kipande, akakipachika, akakandamiza dawati kwa viganja vyote viwili. "Halitikisiki sasa. Andika."

Mstari uliokuwa umekunjwakunjwa na kule kuyumba ukanyooka. Niliandika kipindi kizima, na kila neno liliandikika vizuri, na sijui niliandika nini.


Jumatatu, 31 Machi

Tangazo limebandikwa: usajili wa mtihani wa taifa utafungwa Ijumaa tarehe 11, saa sita mchana. Nimelisoma mara mbili. Kila mtu alilisoma mara moja.


Alhamisi, 3 Aprili

Fundi amekuja nyumbani jioni. Kaka alikuwa amebaki kufagia karakana. Baba akadhani amekuja kushtaki wizi, akasimama.

"Kaa, mzee mwenzangu," fundi akasema. "Mtoto hana tabia mbaya. Ana mkono, tena mzuri. Shida yake ni nyingine, nami sijaiona kwa mwanafunzi yeyote."

"Uvivu," baba akasema.

"Angekuwa mvivu ningemweza. Sikiliza. Leo tunatengeneza mlango wa watu. Anapima. Anaandika ubaoni. Mimi kwa macho yangu nimeona, kaandika sawasawa. Natoka kunywa chai. Narudi, amefuta, ameandika namba nyingine, na amekata. Mbao nne, zote fupi kwa kidole. Namuuliza, we bwana mdogo, ulikuwa umepata, kwa nini ulifuta? Unajua kanijibu nini?"

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Kasema, 'Fundi, mimi nikiona nimepata, hapo ndipo najua nimekosea.' Sasa hayo ni maneno ya mtoto wa miaka kumi na saba?"

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Nikaliweka chini.

Nilimngoja baba aseme ukali wake. Baba alikuwa anaitazama mikono yake, ile mikono yenye alama za moto wa tanuri. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Huenda nimemfundisha mimi."

"Tumemfundisha wote," mama akasema.

Si wao. Baba ana ulimi mkali, sawa, na ule mkate alipaswa kuuweka katikati ya meza. Lakini mtoto aliyejumlisha mara tatu akapata sahihi mara tatu hakufutiwa jibu na baba. Alimletea mtu mmoja tu, aliyemwamini kuliko penseli yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku zote nilidhani methali hii inamhusu adui anayejipenyeza. Kumbe yaweza kuwa dada mtu, mwenye mwandiko mzuri.

Kaka aliporudi, baba alimkatia mkate akampa kipande cha katikati. Kaka akakitazama kama kitu kilichompotea mwenzake. "Chako hiki, baba," akasema, akakirudisha.


Jumapili, 6 Aprili

Mama amefumua ile suruali ya kijivu. Mtoto wa jirani ndiye atakayeshonewa, kitambaa kitatosha na kubaki. Alifumua mguu uliopindwa kwanza, uzi kwa uzi, kwa wembe, na alikuwa anaimba taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nikaomba nimsaidie. Akasema, "Wewe soma."


Jumanne, 8 Aprili

Nimesema. Kwa mtu mmoja, na si yule anayestahili, lakini nimesema.

Nilikuwa nimeandika barua. Mimi mambo makubwa huyaandika. Hata mama nilimwandikia kikaratasi nilipovunja ungo. Baada ya kipindi cha mwisho nikaenda chumba cha walimu. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa peke yake, anapapasa miwani iliyo juu ya kichwa chake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo? Sogea kwenye mwanga. Aa, msaidizi wangu."

Nikampa barua. Akaigeuza, akaisogeza machoni, akaishusha.

"Leo kuna wingu, sioni kitu. Nisomee."

Hilo sikulifikiria kabisa. Nikaichukua barua yangu. Nikasoma. Nilisoma zile arobaini na tatu, nikasoma kiganja changu juu ya insha, nikafika kwenye "pengine" sauti ikakatika, nikarudia tangu mwanzo wa sentensi ili nisiiruke.

Mwalimu hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Ile ya baiskeli inayoshika mwendo? Ni ya Babu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Niliitafuta siku ile kabla ya kusoma mbele ya watu. Nikasema, mbona nilisoma insha kubwa kuliko hii? Nikatazama orodha yako, haimo. Nikajiambia, mzee, umeanza kuota mchana." Akacheka kidogo, bila furaha. "Mwezi mzima najua nimezeeka, kumbe nilikuwa mzima."

Nikalia. Akaniacha nilie. Kisha akasema:

"Usajili ni mpaka Ijumaa saa sita. Kwa mkuu wa shule nitakwenda mimi, nitasema alama niliziruka mimi. Hata ningesema ni wewe, atauliza nani alikupa kalamu. Hilo ni langu. Lakini sharti mtoto aje mwenyewe na karatasi zake, atie saini. Nikimwita mimi atadhani namwonea huruma, hatakuja. Mwambie wewe."

"Mwalimu, nitamwandikia."

"Usimwandikie. Ameshadhurika vya kutosha kwa mwandiko wako. Mwambie."


Jumatano, 9 Aprili

Nilimngoja kwenye ubao wa mtaro asubuhi. Bado huja kunivusha, mvua isipokuwa kubwa mno ya kumchelewesha. Maji yalikuwa yamefika usawa wa ubao. Akatangulia na mkoba, akanyosha mkono, nikaushika. Una sugu sasa.

"Kaka, ungeambiwa urudi shule, ungerudi?"

"Nani aniambie?"

"Nauliza tu."

Akafikiri. Si kawaida yake kufikiri kabla ya kujibu. Zamani jibu lilikuwa linamtangulia. "Hapana. Ningejua wamekosea jina."

Akanipa mkoba, akaondoka. *Kwe, kwe*, mpaka mvua ikaifunika sauti yake.


Alhamisi, 10 Aprili

Kesho saa sita.

Bahasha yake ilikuwa juu ya kabati lake, chini ya kofia. Nimeishusha. Karatasi zote zimo, na ile kalenda imo, imekunjwa mara nne. Hakuitupa. Mtu anayeamini amekosea kabisa hatunzi makosa yake kwa mwezi na zaidi. Nimeishika hiyo kalenda mchana kutwa kama mtu anayeshika kamba ndani ya maji.

Mpango wangu ulikuwa huu: niliache daftari hili wazi kitandani kwake, kwenye ukurasa wa tarehe 2 Machi, mimi niende uani kutoa maji. Asome. Akimaliza anaweza kuja kunipiga, au asije kabisa. Nimelipeleka, nimeliweka, nimelipanga lisijifunge. Kisha nikakumbuka jinsi anavyosoma. Anaweka kidole chini ya neno, herufi zinamkimbia, anarudi nyuma, anazikamata. Angenisoma hivyo, peke yake, silabi kwa silabi, mpaka afike kwenye "pengine". Ingemchukua nusu saa kuumia kitu ambacho mimi nilikitenda kwa dakika moja. Nimelirudisha.

Sijui kama atarudi shule. Suruali imeshafumuliwa. Sijui kama atanipigia mluzi tena maishani, na sitamwomba. Labda atacheka wa kwanza, nisijue kama ameumia, na hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko kipigo. Nataka tu ajue kwamba siku ile, na kalenda yake na penseli yake, alikuwa amepata. Mara zote tatu.

Mvua imepungua. Mama amezima cherehani; nimemwomba amwambie kaka apite chumbani kwangu. Namsikia kaka.

*Kwe.* Njiani. *Kwe.* Amepita dirisha la jikoni. Baba anamsalimia, anasema kitu kirefu kuliko kawaida yake, na kaka anajibu kifupi.

Amefika kwenye ndoo. Ananawa mguu wa kwanza.

Nimeitandaza kalenda juu ya kitanda, ile mikunjo haitaki kulala. Daftari nitaliingiza chini ya godoro, mbali kabisa, upande wa ukutani, nisije nikamwambia "soma".

Mguu wa pili.

Nitaanza na ile namba, kwa sauti, halafu

amegonga